Chombo na Mwenye Chombo

Kuhakiki ni kupima. Mhakiki wa shairi hupima vina na mizani, mhakiki wa riwaya hupima wahusika na mwendo wa visa, na mnunuzi wa mbuzi sokoni, ijapokuwa hajiiti mhakiki, humfungua mbuzi kinywa akayatazama meno kabla ya kutoa fedha. Kila mmoja wao anacho kipimo, naye haoni haya kukitumia. Lakini kiko chombo kimoja ambacho watu wa zama hizi hukipokea bila kukifungua kinywa. Chombo hicho ni tarakilishi, pamoja na ndugu yake mdogo, simu ya mkononi. Wewe, msomaji, huruhusiwa kuikosoa kazi ya mwandishi mashuhuri darasani, na ukiikosoa kwa hoja mwalimu hukupa alama nzuri. Walakini tarakilishi ikikataa amri yako, au ikitenda jambo ambalo hukuiagiza, aghalabu hujilaumu mwenyewe na kusema, "Mimi sizijui mashine hizi." Shabaha ya insha hii ni kukuonyesha kwamba mara nyingi kosa si lako, ila ni la chombo, na kwamba chombo, kama shairi, ni halali kuhakikiwa.

Tuanze na mizani za kupimia. Mtazame fundi wa nguo katika kibaraza cha duka, ameketi mbele ya cherehani yake. Akikanyaga, sindano huenda. Akiacha, sindano husimama. Mkanda ukilegea huukaza, chuma kikikauka hukitia mafuta, na sindano ikivunjika hununua nyingine katika duka lolote apendalo. Cherehani ile haimwombi fundi ruhusa ya kushona, wala haihamishi gurudumu lake usiku fundi akiwa amelala. Katika mfano huo twapata sifa tatu za chombo chema. Kwanza, hubeba uzito unaotakiwa na kazi yake, wala si zaidi. Pili, humtii mwenyewe. Tatu, hufahamika, si lazima mwenye chombo awe mhandisi, lakini akitaka kujua kwa nini kimetenda hivi na hakikutenda vile, njia ya kujua iko wazi. Tutaipima tarakilishi ya leo kwa sifa hizo, moja baada ya nyingine.

Mizani ya kwanza ni ya uzito. Mwezi wa Julai 1969 wanadamu wawili waliteremka juu ya mwezi wakisaidiwa na tarakilishi iliyokuwa na nafasi 2,048 tu za kuandikia na kufuta hesabu, na nafasi nyingine 36,864 za maagizo ya kudumu. Simu ya bei ya wastani madukani leo, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4, huizidi kumbukumbu ile ya kuandika na kufuta takriban mara milioni moja. Wingi huo peke yake si aibu. Mwenye ghala kubwa halaumiwi kwa ukubwa wa ghala. Swali la mhakiki ni hili: ghala hilo limejazwa nini? Maana simu hiyo hiyo, baada ya miaka michache, husitasita kufungua ujumbe wa maneno kumi, na mwenyewe huambiwa kwamba imezeeka, yafaa anunue nyingine.

Swali hilo liliulizwa zamani na mtu ambaye hakuna awezaye kumwita mjinga wa mashine. Niklaus Wirth wa Uswisi, aliyeunda lugha ya programu iitwayo Pascal mwaka 1970 na kufariki dunia mwaka 2024, aliandika mwaka 1995 makala ya kutetea programu zilizokonda. Alieleza kwamba miaka 25 kabla ya hapo programu ya kuhariri maandishi iliweza kuenea katika baiti 8,000, na kwamba programu za namna hiyo za wakati wake zilidai mara mia. Alikumbusha pia maneno ya mwenzake, ambayo tangu hapo yameitwa kanuni ya Wirth, kwamba programu hupungua mwendo upesi kuliko mashine zinavyoongeza mwendo. Sababu alizozitaja ni za kibinadamu kabisa. Watengenezaji huharakishwa na soko, basi huongeza tu, kwa kuwa kupunguza kwahitaji fikira na muda. Na wanunuzi hudhani kwamba kilicho tata ndicho kilicho bora. Mwanafunzi aandikaye insha ndefu kwa sababu hakupata wakati wa kuandika fupi anaijua vizuri hali hiyo.

Hapa lakini yatupasa tuwe waadilifu. Uko uzito wa haki na uko uzito wa bure. Programu inayomsomea kwa sauti mtu asiyeona ina uzito, na uzito wake ni heri. Programu iwezayo kuandika Kiarabu kutoka kulia kwenda kushoto, na Kiamhari kwa herufi zake, ina uzito vilevile, na hakuna mwenye akili atakayeulalamikia. Uzito wa bure ni ule usiomhudumia mwenye chombo. Mwaka 2013 serikali ya Marekani, kwa njia ya tume yake ya biashara, iliishitaki kampuni moja iliyotengeneza programu ya tochi ya simu, kwa kuwa tochi ile ilikuwa ikiwapelekea watangazaji wa biashara habari za mahali alipo mtumiaji. Kazi ya tochi ni kuwaka na kuzimika. Yote yaliyozidi hapo yalikuwa mzigo wa mtu mwingine uliotwikwa juu ya kichwa cha mwenye simu.

Wala gharama ya mzigo wa namna hiyo haihesabiwi kwa baiti tu. Kipindi cha somo katika shule zetu ni dakika 40. Nimepata kusimama mbele ya wanafunzi waliokuja na hamu ya kujifunza kuandika barua rasmi kwa tarakilishi. Programu ikataka kwanza kila mmoja ajisajili. Kisha atunge neno la siri lenye herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu na alama. Kisha akubali masharti marefu ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma yote. Kisha tungoje sasisho, na mtandao ulikuwa wa kusuasua. Kengele ilipolia walikuwapo ambao hawajaandika hata anwani. Barua rasmi ni jambo la karatasi moja na kalamu moja. Chombo kilichoitwa kuja kuirahisisha kilikula somo zima, na aliyepoteza si kampuni iliyokitengeneza, bali ni mtoto ambaye nyumbani kwao hakuna tarakilishi, na ambaye zile dakika 40 ndizo alizokuwa nazo juma lile.

Mizani ya pili ni ya utii, nayo ndiyo nzito kuliko zote. Mwezi wa Julai 2009 wasomaji wa Marekani waliokuwa wamenunua vitabu viwili vya George Orwell kwa ajili ya chombo cha kusomea kiitwacho Kindle walikuta vitabu hivyo vimetoweka. Kampuni ya Amazon iliyoviuza iligundua kwamba aliyeviweka dukani hakuwa na haki ya kuvitoa. Basi ikanyoosha mkono wake kwa njia ya mtandao, ikavifuta ndani ya vyombo vya watu na kuwarudishia fedha zao. Mwanafunzi mmoja wa sekondari aliyekuwa akiandika maelezo juu ya kitabu kwa ajili ya kazi ya shule akabaki na maelezo yasiyo na kitabu cha kuyashikilia. Mkuu wa kampuni, Jeff Bezos, aliomba radhi hadharani, na ni haki kumhesabia jambo hilo. Lakini radhi haikuondoa lililofunuliwa siku ile, nalo ni kwamba mkono uwezao kufuta ulikuwamo ndani ya chombo tangu siku kilipouzwa.

Kimoja cha vitabu hivyo ndicho kile ambacho Fortunatus Kawegere alikitafsiri kwa jina la Shamba la Wanyama, kikachapishwa Nairobi mwaka 1967. Ikiwa nakala ya mwaka ule ingalimo katika kabati la maktaba yenu, huenda jalada limechakaa na kurasa zimegeuka rangi. Walakini hakuna mchapishaji awezaye kuingia kabatini usiku na kuuondoa ukurasa mmoja. Mwuza kitabu cha karatasi akitambua kosa lake, hana budi kubisha hodi na kuzungumza nawe. Hodi ni jambo dogo kulitamka, lakini ndiyo mpaka kati ya nyumba yako na njia ya wote.

Tangu wakati huo mpaka huo umezidi kufifia. Mwaka 2013 kampuni ya Adobe ilitangaza kwamba matoleo mapya ya programu zake mashuhuri za picha na uchapaji hayatauzwa tena kuwa mali ya mnunuzi, bali yatakodishwa kwa malipo ya mwezi au ya mwaka. Mwezi wa Septemba 2016 baadhi ya mashine za kuchapa za kampuni ya HP zilianza kukataa wino wa watengenezaji wengine, ingawa jana yake ziliukubali. Na mwezi wa Desemba 2017 kampuni ya Apple ilikiri kwamba programu yake ilikuwa ikipunguza mwendo wa simu zenye betri zilizochoka. Sababu yake ilikuwa na maana, yaani kuzuia simu isizimike ghafla. Kosa lilikuwa ukimya. Maana mtu aliyeiona simu yake ikizorota alinunua simu mpya, hali betri mpya ingemtosha. Mwaka 2020 kampuni hiyo ilitozwa faini ya euro milioni 25 nchini Ufaransa kwa kutowaarifu wateja. Wahenga walinena kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Mtu wa leo hutoa fedha za kununua, kumbe amevishwa ya kuazima.

Utii ukipotea, hata wakubwa huumia. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya ulinzi wa tarakilishi iitwayo CrowdStrike iliwapelekea wateja wake faili lenye kasoro. Kwa hesabu ya Microsoft, tarakilishi takriban milioni 8.5 ziliangushwa. Ndege maelfu hazikuruka, hospitali ziliahirisha matibabu, na mafundi wengi walilazimika kuziendea mashine moja moja kwa mikono yao. Walikuwapo wateja waliochagua kwa busara kukaa nyuma ya toleo jipya kwa hatua moja, ili wengine walijaribu kwanza. Busara yao haikuwafaa, kwa kuwa faili la aina ile halikufuata uchaguzi huo. Lilikwenda kwa wote. Mabaharia husema manahodha wengi chombo huenda mrama. Hapa mwenye chombo alishika usukani akiamini kwamba chombo kinamfuata, kumbe usukani wa kweli ulikuwa katika mkono usioonekana.

Yuko msomaji ambaye sasa anataka kunipinga, nami nampa nafasi. Atasema, "Watu wakiachiwa hiari hawatasasisha tarakilishi zao, na wevi wataingia." Hoja hiyo si nyonge. Mwezi wa Mei 2017 programu ovu iitwayo WannaCry ilizifunga tarakilishi zaidi ya 200,000 katika nchi takriban 150 na kudai kikombozi. Hospitali za Uingereza zilikuwa miongoni mwa walioumia. Dawa ya ugonjwa ule ilikuwa imekwisha kutolewa na Microsoft mwezi wa Machi, lakini wengi hawakuwa wameitumia. Basi nakubali kwamba sasisho la ulinzi ni jambo la lazima, na asiyeziba ufa hujenga ukuta.

Lakini tuangalie vema hoja hiyo yathibitisha nini na haithibitishi nini. Yathibitisha kwamba ufa uzibwe upesi. Haithibitishi kwamba anayekuja kuziba ufa apewe ruhusa ya kuhamisha vitanda, kubandika matangazo ukutani na kuondoka na daftari la majina ya jamaa zako. Marekebisho ya ulinzi na mabadiliko ya mapambo ni mambo mawili. Kuyafunga katika furushi moja, ili anayetaka la kwanza alazimike kulibeba la pili, ndiko kunakowafanya watu walichukie hata lenye faida. Mganga mwema hukuambia jina la dawa, kazi yake na madhara yake, kisha hukuchoma sindano. Akificha dawa ndani ya uji kila siku, siku moja utaacha kunywa uji.

Mizani ya tatu ni ya ufahamu, nayo yawahusu wanafunzi kuliko watu wengine. Elimu ya tarakilishi imekuwa mara nyingi elimu ya kukariri mahali pa vitufe. Katika toleo la mwaka 2007 la programu ya kuandikia ya Microsoft, orodha za amri zilizozoeleka kwa miaka mingi ziliondolewa, mahali pake pakawekwa utepe wa picha na vitufe. Waliokuwa wamekariri njia ya zamani walianza upya, na madaftari ya walimu yakachakaa kabla ya jalada kuchanika. Simlaumu mtengenezaji kwa kutafuta sura bora. Nalaumu desturi ya kuihesabu elimu ya mtumiaji kuwa si kitu. Fundi wa nguo aliyejifunza cherehani ujanani huitumia elimu ile hata uzeeni. Mtumiaji wa tarakilishi hurudishwa darasa la kwanza kila baada ya miaka michache, wala si kwa kuwa amesahau, bali kwa kuwa darasa limehamishwa. Mtu arudishwaye darasa la kwanza mara kwa mara huacha kujiamini. Na asiyejiamini haulizi, hukubali tu.

Je, urahisi na nguvu haviwezi kukaa nyumba moja? Vyaweza, na mfano tunao hapa kwetu. Mwezi wa Machi 2007 kampuni ya Safaricom ilianzisha M-Pesa. Haikumtaka mtu anunue simu ya kioo kikubwa wala ajue Kiingereza cha kitaalamu. Katika simu ndogo ya vitufe aliona orodha fupi ya maneno: tuma pesa, toa pesa. Aliandika namba ya mpokeaji, kiasi na namba ya siri; kisha ujumbe wa maandishi ulimwambia lililotendeka, akabaki nao kuwa ushahidi. Usidhani kwamba kazi iliyokuwa nyuma ya maneno yale ilikuwa nyepesi. Ilikuwa nzito sana. Ila uzito ule ulibebwa na mashine za kampuni, haukutwikwa mama muuza mboga. Hapo ndipo ulipo ustadi wa mtengenezaji. Utata wa lazima hauondoki duniani, lakini mbora wa mafundi huubeba mwenyewe.

Upo na mfano wa utii. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alianzisha harakati za programu huru, akishikilia kwamba mtumiaji awe na haki ya kuitumia programu apendavyo, kuisoma ilivyoandikwa, kuirekebisha na kumpa mwenziwe. Tunda la fikira hiyo lilifika pwani yetu. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyoandikwa amri zake kwa Kiswahili. Kwa kuwa asili yake ilikuwa huru, hawakulazimika kupiga magoti mbele ya kampuni yoyote na kuomba lugha yetu ionewe huruma. Sisemi kwamba programu huru hazina utata. Ziko zilizonenepa kama nyingine, na ziko zinazomchosha mgeni. Nasema kwamba mlango wake haukufungwa kwa nje. Anayetaka kujua huweza kujifunza, na anayejua huweza kutengeneza.

Hukumu yangu, basi, ni hii. Katika mizani ya uzito, tarakilishi ya leo ni chombo chenye nguvu za ajabu kinachopoteza sehemu kubwa ya nguvu hizo kwa kazi ambazo mwenyewe hakuziomba. Katika mizani ya utii, ni mtumishi mwenye mabwana wawili, na mara nyingi humsikiliza yule aliye mbali. Katika mizani ya ufahamu, humfundisha mtu kubonyeza, kisha humhamishia kitufe. Hukumu hiyo si ya kuitupa tarakilishi jalalani. Hata insha hii iliandikwa kwa tarakilishi, na faida zake za kuhesabu, kuhifadhi na kuwasiliana ni kubwa mno. Ni hukumu ya kuirudisha chini ya amri ya mwenyewe.

Nawe unaweza kuanza na machache. Programu ikikuomba ruhusa, jiulize kama ruhusa hiyo yahusu kazi yake, na kama haihusu, ikatae. Kazi yako yenye thamani ihifadhi mahali pawili, na pamoja pawe mikononi mwako, katika faili ambalo programu zaidi ya moja zaweza kulifungua. Kabla ya kununua, uliza swali ambalo wauzaji hawalipendi: je, siku kampuni ikibadili nia, mimi nitabaki na nini? Jifunze jambo lililo chini ya kitufe, yaani faili ni nini, mtandao huendaje, programu huandikwaje. Maana elimu hiyo haihamishwi. Na wale miongoni mwenu mtakaokuwa watengenezaji wa programu, nao hawatakuwa wachache, wakumbuke kwamba mtu mwingine ataishi ndani ya kazi yao. Wapunguze kabla ya kuongeza. Wabishe hodi kabla ya kuingia.

Neno "hapana" ni fupi katika Kiswahili, na kila chombo cha haki chapasa kuwa na kitufe chake. Ukikitazama kioo cha simu yako leo na kukuta vitufe viwili tu, kimoja kimeandikwa "ndiyo" na cha pili "nikumbushe baadaye", usijidanganye kwamba umeulizwa. Umearifiwa. Kuitambua tofauti iliyo kati ya kuulizwa na kuarifiwa ni mwanzo wa uhakiki, na si katika mambo ya tarakilishi peke yake.